Kibao cha Nyumba Nyeusi

Vijana wa mwiko, salamu. Nimesikia mnayosema. Mnasema kile kibao cha marumaru kwenye ukuta wa Nyumba Nyeusi kimeanza kuachia kona ya juu, na kwamba ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yangu, maskini, mzee amekwisha. Juzi wawili wenu walikuja mpaka mlangoni kwangu, wakavua kofia, wakaniambia kwa upole kama watu wanaoongea na mgonjwa: "Fundi, usihuzunike, sisi tutaenda kukishika vizuri kabla mvua haijakimaliza."

Asiguse mtu! Asithubutu mtu kukigusa kabla hajasoma karatasi hizi zote. Asiyejua kusoma asomewe, ila si mbele ya karani Dezire.

Siku ya kuniaga mlinipa kiti, mkanichinjia mbuzi, nashukuru. Lakini siku ile ile alisimama karani Dezire kwa niaba ya bwana wake, akasema watoto wetu wanaosomea uuguzi wanasomeshwa kwa wema wa Serikali. Watu wakapiga makofi. Na ninyi mkapiga makofi! Niliwaona mmoja mmoja. Nikaiweka chini nyama yangu, na tangu hapo moyo haujatulia. Kwa hiyo naandika. Vyeo sitavitaja, mshahara sitautaja. Vyote vilikuwa haba na havimfundishi mtu kujenga. Nitataja tofali.

Mimi ni mtu wa Ujiji, ng'ambo ya ziwa, nchi ya Waingereza. Jina langu ni Athumani, lakini hapa Kasongo tangu nifike naitwa Mujiji, na hata siku nikifa mtasema Mujiji amekufa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa milima ya Kabambare. Alivushwa ziwa na msafara, mnyororo shingoni, akiwa bado mtoto. Mimi nilirudi kwa njia ile ile kwa miguu yangu mwenyewe, mwiko ukiwa ndani ya gunia, kwa sababu nilisikia Wabelgiji wanajenga na wanatafuta mafundi. Nilikuwa kijana na nilidhani najua kazi.

Siku ya kwanza nilipewa kona moja ya ghala la kampuni ya pamba. Mkuu wa mafundi alikuwa Mzee Kitenge, Mzimba kwa kabila, mtu mrefu mwenye jicho moja. La pili lilikuwa limeliwa na chokaa. Nilijenga haraka haraka nikitaka aone mtu wa Ujiji ni mtu gani. Kufika adhuhuri nilikuwa nimewapita wenzangu kwa mistari mitatu. Mzee Kitenge akaja, akatazama. Akalishika tofali langu la juu kwa vidole viwili, akalinyanyua. Likatoka zima, na simenti ikabaki chini kavu, imepasuka pasuka.

Akanipa tofali jingine kutoka kwenye lundo. "Lamba," akasema.

"Nilambe nini, mzee?"

"Tofali. Lamba."

Nikalamba. Ulimi ukanasa. Mafundi wote wakaacha kazi, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilisimama pale ulimi uko kwenye tofali, macho yanatoka machozi, na Mzee Kitenge ananitazama kwa jicho lake moja bila haraka.

"Unaona? Iko na kiu," akasema. "Ukiijenga kavu hivi, itakunywa maji yote ya simenti yako. Simenti itakufa, na ukuta utabakia kusimama kwa kuona haya tu. Mutu akifika kwako na kiu, unamupa kazi ao unamupa maji? Inyweshe kwanza, mugeni."

Ndilo somo la kwanza, na wengi wenu mpaka leo hamjalishika. Mnarushia matofali maji kidogo kwa vidole kama mnamwagia kuku dawa. Sivyo! Tofali lizamishwe kwenye pipa mpaka liache kutoa mapovu. Ukuta wa zamani ukiubandika kitu, ufagie vumbi kwanza, kisha uunyweshe asubuhi, uunyweshe tena kabla tu ya kupaka simenti, na ulambe. Ulimi usiponasa, anza kazi. Nimelamba kuta za nchi hii kuliko nilivyolamba sahani.

Ndiyo maana nawaambia pia kwamba mtu wa kwanza kwenye kazi si fundi, ni mama anayebeba maji. Mto hauji wenyewe kwenye ukuta. Kila tofali mnaloliona Kasongo, la ofisi, la hospitali, la nyumba za mabwana, lilikunywa maji yaliyopanda kilima juu ya kichwa cha mwanamke. Sijawahi kuona jina la hata mmoja wao limeandikwa popote.

Baada ya miaka kadhaa Serikali ilitaka zahanati Kabambare. Mzee Kitenge miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, akanituma mimi na watu wanane. Tulifyatua matofali kule kule, tukachoma tanuru kule kule, na wanawake wa Wamaza na vijiji vya karibu wakaja kubeba maji. Mmoja wao aliitwa Asha. Ninyi mnamjua kwa jina la Mama Feza, yule asiyekubali mtu amwambie pole. Wakati ule alikuwa msichana, hajazaa, na tayari alikuwa na mdomo. Nikichelewa kuandaa pipa, ananiambia, "Mujiji, hii maji haitakungojea mu kichwa yangu. Nitaimwanga kwako."

Ile ilikuwa kazi yangu ya kwanza kuongoza, na niliipenda kupita kiasi. Mlango niliutengeneza kwa mbao ngumu ya msituni, nikaufunga mwenyewe kwenye fremu. Kuta nilizipaka chokaa mara tatu. Nilikuwa nafukuza mbuzi, nafukuza watoto, nafukuza hata mafundi wangu wasiziguse. Tulipomaliza, masanduku ya dawa yakaletwa, yakawekwa ndani, mlango ukafungwa kwa kufuli. Ufunguo ukapelekwa Kasongo. Bwana mkubwa wa siku zile alitaka kuja mwenyewe akate utepe, na muuguzi angekuja naye kwenye gari moja. Mvua zikakata barabara. Tukakaa tunangoja utepe.

Tukiwa tunangoja, mchana mmoja mvua ikinyesha, wanaume wanne wakaleta machela kutoka Wamaza. Juu yake alikuwa dada yake Asha, ana uchungu siku ya pili, na Asha anatembea ubavuni akimshika mkono. Walikuwa wamesikia zahanati imekwisha. Wakamlaza kwenye baraza, mbele ya mlango wangu mzuri.

"Fungua, Fundi," Asha akasema.

"Ufunguo uko Kasongo."

"Basi vunja."

Nilikuwa na nyundo mkononi. Nataka mlijue hilo, sitaki kuwaficha. Nilikuwa na nyundo mkononi na patasi mfukoni, na ule mlango niliufunga mimi, nilijua pa kuupiga. Ndani kulikuwa na kitanda, na pamba, na masanduku, na hapakuwa na upepo wala matone. Nikamtazama askari aliyewekwa kulinda, naye akanitazama, akasema, "Mimi nitafungwa, na weye utafungwa." Nikafikiri kiboko. Nikafikiri nitarudishwa ng'ambo kwa kamba. Nikafikiri pia, Mungu anisamehe, kwamba mbao ile ni mbao nzuri.

Mama mmoja mzee wa jirani akaja kusaidia. Mvua ilikuwa inaingia barazani. Asha alikuwa amekaa chini, kichwa cha dada yake mapajani, amechoka, akaegemeza mgongo ukutani. Na mimi, vijana wangu, mimi Athumani nikamwambia: "Dada, usiegemee ukuta, chokaa bado mbichi."

 Alinitazama tu, kisha akajisogeza mbele, akakaa bila kuegemea kitu. Alikaa hivyo mpaka jioni. Mtoto akatoka, akalia. Mama yake hakumaliza hata kumtazama vizuri, akakata roho.

Siku kumi baadaye barabara ikapitika. Bwana akaja, akakata utepe, akapapasa ukuta kwa kiganja, akasema, "Kazi safi." Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyemweleza kitu, na mimi pia sikumweleza. Muuguzi alikaa miezi miwili mitatu, kisha akahamishwa, hakuletwa mwingine. Mlango wangu ukafungwa tena kwa kufuli lile lile.

Nilirudi Kasongo, nikamweleza Mzee Kitenge yote, mpaka neno nililolisema. Tulikuwa kwenye tanuru, anachagua matofali. Akaliweka chini moja, akasema, "Nyumba tunajua kujenga. Watu wa kuweka mule ndani, nani anawajenga?"

Sasa sikilizeni habari ya matofali meusi, maana hapa ndipo penye jambo. Mnajua tanuru letu: matofali ya nje hubaki mabichi mekundu, ya katikati huiva vizuri, na yale ya tumboni, yanayogusa moto wenyewe, huungua yakawa meusi, yakapinda, mengine yakang'aa kama chungu kilichokolea moshi. Bwana wa kazi akija na karani wake kupokea tanuru, anayatupa hayo. Anataka ukuta ulionyooka na mwekundu. Meusi yalikuwa yanatupwa kwenye mashimo ya barabara. Lakini fundi anajua kwamba lile jeusi ndilo gumu kuliko yote. Halinywi maji mengi, haliliwi na mchwa, halimeng'enyeki. Ubaya wake ni sura tu.

Nikamwambia Mzee Kitenge, "Tuyaombe." Akaniuliza ya nini. Nikasema tujenge nyumba ya kupangisha, na kodi yake isomeshe watoto wa huku uuguzi, watoto wa Kabambare na Lusangi na Wamaza na Kasongo, ambao hawatahamishwa kwa sababu kwao ni hapa hapa. Mzungu wa kampuni tulipomwomba alicheka. "Chukueni takataka zenu," akasema. Tukachukua takataka zetu.

Tangu siku ile, kila kundi la mafundi Kasongo likafuata neno moja: tumbo la tanuru ni la shule. Hapakuwa na chama, hapakuwa na kitabu, hapakuwa na mwenyekiti. Akichoma tanuru Mkristo, akichoma Mwislamu, akichoma Mzimba au Mbangubangu, tumbo la tanuru ni la shule. Mzee wa mtaa alitupa kiwanja karibu na kijito. Na nani aliyabeba matofali yale kutoka matanuru yote mpaka kiwanjani? Asha. Alikuwa amehamia Kasongo na yule mtoto wa dada yake, ameshampa jina la Feza, na watu wameshaanza kumwita yeye Mama Feza. Wanawake wa maji wote walisaidia, lakini yeye alibeba kama mtu anayelipa kisasi: matofali sita kichwani, mtoto mgongoni, na akifika anayatua moja moja ili yasivunjike.

Ilichukua miaka. Tofali lililopinda halijengwi kwa kamba ya kunyooshea tu. Unalichagua kama unavyochagua maharage, unaligeuza, unatafuta upande wake wa haki. Mzee Kitenge alipoishiwa macho kabisa alikuwa anakaa pale anayapapasa, anasema, "Hii iweke chini, iko na tumbo." Alikufa kabla hatujaezeka, na msingi wa ile kona ya mashariki ni mikono yake. Nyumba ilipokwisha ilikuwa na vyumba sita na baraza mbele, nyeusi kuanzia chini mpaka juu, mvua ikinyesha inang'aa. Wauza samaki na wauza vitambaa wakapanga. Kodi ikawa blanketi, sabuni, nguo, nauli na chakula cha mwanafunzi mmoja, baadaye wawili. Sharti lilikuwa moja: ukimaliza, urudi ulikotoka.

Wa kwanza alikuwa kijana wa Lusangi, na mpaka leo yuko Lusangi anapiga watu sindano na kuwagombeza. Wa pili alikuwa wa Kabambare. Huyo ndiye yuko kwenye ile zahanati yangu. Ufunguo anao yeye, amefunga kwenye kamba, anauvaa shingoni. Nimeuona kwa macho yangu, nikaenda nyuma ya nyumba kidogo kufuta uso.

Lakini ni mwanamume, na wanawake wengi wa milimani hawakumwendea wakati wa kujifungua. Tulihitaji mkunga. Wakati huo Feza ameshakuwa msichana, amesoma madarasa yote yaliyokuwapo, anawasomea majirani barua zao na kuwakosoa walioandika. Mafundi na akina mama wa maji walikaa barazani kuchagua mwanafunzi wa mwaka ule. Nikamuuliza Feza mbele ya watu wote anataka nini.

"Nataka kile kitanda kilichokuwa ndani ya mlango," akasema. "Nataka mwanamuke akifika, kitanda kiwe chake."

Hakuna aliyebisha. Mama yake aliinamisha kichwa, akajifanya anafunga kitenge.

Hapo ndipo alipoletwa Bwana Kitambaa, mkubwa mpya wa Serikali ya Wabelgiji hapa Kasongo. Jina lake la kwao silijui na silitaki. Tulimwita hivyo kwa sababu mchana kutwa alikuwa anajifuta shingo kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Siku moja akapita na gari karibu na kijito, akaiona Nyumba Nyeusi, mabati yake, baraza yake iliyofagiwa. Akauliza ni ya nani. Karani Dezire, ambaye mjomba wake mwenyewe alichoma matanuru mawili ya shule, akamjibu kwamba ni ya chama cha wenyeji kisichoandikishwa, na kwamba mkubwa wake ni mgeni, mtu wa Waingereza.

Niliitwa ofisini. Ofisi ile niliijenga mimi, kwa hiyo nilijua bati linapovuja na sikukaa hapo. Bwana Kitambaa akaniambia Serikali inaichukua ile nyumba chini ya ulinzi wake. Tangu sasa kutakuwa na kamati. Kamati ni yeye na karani Dezire. Na watakaosomeshwa ni watoto ambao wazazi wao wana karata, yaani kile cheti cha Serikali, wale wanaohesabiwa kuwa wamestaarabika.

"Bwana," nikasema, "mwanafunzi wa mwaka huu ameshachaguliwa."

"Mtoto wa nani?"

"Wa Mama Feza, anayebeba maji."

Karani Dezire akacheka kwa pua. Bwana Kitambaa akajifuta shingo. "Wewe si mutu wa hapa," akaniambia. "Shukuru kwamba tunakuacha ukae."

Si mtu wa hapa! Bibi yangu alitolewa hapa na mnyororo, nikarudi, nikajenga mpaka kiti alichokalia bwana huyu kina sakafu chini yake, na mimi si mtu wa hapa. Yeye aliyefika juzi na sanduku la vitambaa ndiye mtu wa hapa!

Kesho yake nilirudi na Mama Feza. Hakutaka, nikamsihi. Alivaa kitenge chake kizuri, akasimama katikati ya ofisi, hakutafuta kiti wala hakupewa.

"Bwana," akasema, "ile nyumba, mimi niliibeba ku kichwa. Yote. Hakuna hata tofali moja yenye haikupita hapa." Akagusa utosi wake. "Unanikatalia mutoto wangu kwa sababu sina karata. Hii hapa iko karata yangu." Akainama, akafunua pale nywele zilipoacha kuota, utosini, mahali pa kata ya kubebea mizigo.

Bwana Kitambaa alitazama pembeni. "Dezire, mwambie mama aache makelele," akasema, na mama hakuwa amepaza sauti hata kidogo. Nafasi ya Feza alipewa shemeji yake karani. Huyo alirudi kabla ya mwaka kwisha, akisema kule kunanuka dawa.

Sikulala nikilia, nilikaa nikaandika barua. Dada yangu Mwajuma yuko Ujiji, na kule ng'ambo kuna hospitali inayofundisha wasichana ukunga bila kuuliza mama ana karata gani. Jibu lilikuja: aje. Mafundi wakatoa blanketi na viatu, akina mama wa maji wakatoa unga na samaki wakavu. Pasi ya kusafiri sikuiomba. Nasema wazi, nimeshastaafu. Nilimsindikiza mimi mwenyewe, kwa miguu, kupitia Kabambare mpaka ziwani, ile njia ya msafara aliyopitishwa bibi yangu. Kabambare tulilala kwa yule muuguzi wetu. Asubuhi Feza alikwenda barazani peke yake, akasimama mbele ya mlango ule, akaupapasa, akarudi, akasema tuondoke. Sasa ana mwaka wa pili kule. Barua yake ya mwisho inasema amezalisha pacha, na kwamba Kiswahili chetu kinawachekesha.

Sasa kibao. Bwana Kitambaa alitaka kuifungua Nyumba Nyeusi kwa sherehe, nyumba ambayo ilikuwa imeshasomesha watu akiwa yeye hajui Kasongo iko wapi. Kwanza akaamuru ipakwe chokaa upande wa mbele, kwa sababu weusi ule haumpendezi. Kisha kikaletwa kibao cha marumaru kizito, kimefungwa kwa majani makavu. Karani Dezire akanisomea maneno yake: kwamba nyumba hii na masomo haya ni zawadi ya Serikali kwa watoto wa Kasongo na Kabambare. Utepe ulikuwa umeshanunuliwa. Na fundi wa kukibandika, akasema, lazima awe Mujiji, maana bwana anataka kikae miaka mia.

Nilikubali. Mlishangaa nilivyokubali upesi, mkaninong'ona. Basi sasa jueni nilichofanya, mjue na kwa nini, kwa sababu ni kazi mbovu pekee niliyowahi kufanya kwa makusudi, na niliifanya kwa ufundi wote nilio nao.

Nilichimba mahali pake ukutani, vumbi nikaliacha humo humo. Mchanga niliuzidisha, simenti nikaipunguza. Nilichagua saa ya jua kali. Mahali penyewe nilipachagua chini, nje ya baraza, niliposema chokaa isipakwe, si juu ya mlango, na siku nne kabla nilikuwa nimeshapanda pale maua yale yenye miiba, ili mtoto asije akakaa chini yake. Bwana Kitambaa aliyasifu maua. Kisha nikalamba ukuta ndani ya shimo, kwenye simenti ya zamani kati ya matofali. Ulimi ukanasa vizuri kabisa.

Nilipokwisha kukisukuma kibao mahali pake akaniuliza, "Kitakaa?"

"Kitakaa kadiri kinavyostahili, bwana," nikasema. Akafurahi, akaenda zake kujifuta shingo kwenye gari.

Wakati huo Mama Feza alikuwa amefika na ndoo ya maji kichwani. Hakuna aliyemwita. Alisikia tu kwamba Mujiji anabandika kitu kwenye ile nyumba, akateka maji kijitoni, kwa sababu ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote, mimi na mwiko, yeye na maji. Akaitua ndoo miguuni pangu. Akautazama ukuta, mkavu, vumbi lake, kibao chake. Yeye si fundi, lakini ameona kuta nyingi zikinyweshwa kuliko fundi yeyote kati yenu.

"Fundi," akasema polepole, "huu ukuta haukunywa."

"Haukunywa, Mama Feza."

Alinitazama kama alivyonitazama siku ile Kabambare, muda mrefu. Halafu akachukua kata ya kunywea, akachota maji kwenye ndoo, akanywa yote. Akachota tena, akanipa na mimi. Maji yaliyobaki akayamwagia maua.

Kisha akapanda barazani, akakaa chini, akanyoosha miguu, akaegemeza mgongo wote kwenye ukuta uliopakwa chokaa asubuhi ile. Chokaa ilikuwa mbichi. Sikumwambia kitu, nikaosha mwiko wangu, nikaenda kukaa karibu naye, nikaegemea na mimi.